Kabla ya helmeti, daftari la nusura

SWALI: Shikamoo ami. Mimi ni katibu wa kikundi cha mtaa hapa Langoni, Lamu, kina mama na vijana, jumla watu kumi na wanne. Wiki tatu zilizopita ndugu yangu, kibarua wa mjengo, alianguka jukwaani huko Shela akavunjika paja. Fundi mkuu alilipa boti ya kumvusha hospitali, akatoa elfu tano ya chai, basi. Tangu siku hiyo kikundi kimeamua kushughulikia usalama, wa kazini na wa mtaani. Nusu yetu wasema tutafute mfadhili atununulie helmeti na laifujaketi tugawe. Nusu wasema hiyo ni kazi ya serikali, sisi si wakaguzi na hatuna pesa. Kikundi kama chetu, kisichotafuta faida, kina nafasi gani hasa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Mungu amponye ndugu yako. Niruhusu nianze na yeye, halafu nije kwenye kikundi. Utaona mwenyewe kwamba ni habari moja.

Sheria ya fidia kwa walioumia kazini, ile watu wanayoiita WIBA, ni ya mwaka 2007. Mbele ya sheria hiyo kibarua wa kulipwa kwa siku ni mfanyakazi kama karani wa benki. Akiumia kazini, gharama za matibabu zinazostahili ni za mwajiri. Kuna malipo ya kipindi ambacho hawezi kufanya kazi, na akibaki na ulemavu wa kudumu kuna fidia yake. Aliyelemaa kabisa asiweze kazi tena, kipimo chake ni mapato ya miezi 96. Mwajiri anatakiwa kupeleka taarifa ya ajali kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7 tangu ajue, na dai lenyewe liwasilishwe kabla ya miezi 12 kwisha tangu siku ya ajali. Kwa hiyo zile elfu tano ni chai, kama ulivyoziita mwenyewe. Asije mtu akamwekea ndugu yako karatasi ya sahihi pale kitandani kwamba wamemalizana.

Najua kitakachofuata, maana nimekiona mara nyingi. Mwenye nyumba atasema mwajiri ni fundi. Fundi atasema yeye naye ni kibarua tu, mwenye pesa ni yule wa nyumba. Baada ya mwezi atatokea mtu aseme hata hakumbuki kama kijana huyo alikuwa kazini siku ile. Dawa yake ni ushahidi ulioshikwa mapema: ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya wiki zilizopita (mwambie asifute hata mmoja, na apige picha ya skrini), karatasi ya hospitali yenye tarehe na maneno "ameanguka kazini", majina ya wenzake wawili watatu waliokuwa pale, na picha za jukwaa. Ukishayapata hayo, nenda ofisi ya leba uombe fomu ya kuripoti ajali ya kazini. Mwajiri akikataa kuijaza, waeleze hivyo hivyo pale ofisini.

Sasa nikuulize. Mgonjwa amelala, mguu umefungwa. Mama yake yuko jikoni na hospitali, hospitali na jikoni. Nani wa kukusanya vitu hivyo vyote? Nafasi ya kikundi chako inaanzia hapo, wala haihitaji mfadhili.

Kuhusu helmeti nitakwambia kisa changu, na aibu yake ni yangu pia. Miaka mingi nyuma nilikuwa kwenye mradi wa shirika moja, tukagawa helmeti za njano kwa mafundi wa pwani hii. Biriani likaliwa, fulana zikavaliwa, picha zikapigwa. Baada ya miezi miwili nikarudi kuzitazama. Moja ilikuwa inachotewa chokaa. Nyingine niliikuta uani imepandwa mnaana, tena umestawi. Mafundi wawili walikuwa wamezivaa, na baadaye mmoja akaniambia wamezivaa kwa sababu waliniona nikishuka kwenye boti.

Tulichokosea si kugawa peke yake. Hatukuuliza watu wanaumia vipi. Ndugu yako amevunjika paja. Helmeti ingemfanyia nini? Kilichomwangusha ni jukwaa, na majukwaa ya huku tunayajua: boriti za mikoko zilizofungwa kamba, juu yake mbao zile zile zilizomwagiwa zege jana, zimelazwa tu bila kupigiliwa. Ubao ukitoka nje ya boriti hata hatua moja, mtu akikanyaga ncha yake unainuka upande wa pili kama pembea. Nakisia hivyo ndivyo ilivyokuwa Shela, ingawa sikuwepo. Ubao ukipigiliwa misumari, boriti moja ikafungwa usawa wa kiuno kuwa mkono wa kuzuia, na jukwaa likafungwa kwenye ukuta, wengi wasingeanguka. Ngazi nayo: kila mita nne kwenda juu, mguu wake utoke mita moja ukutani. Hayo hayafiki bei ya helmeti kumi.

Ndiyo maana nikiulizwa kikundi kianze na nini, nasema daftari. Liite daftari la nusura. Kiswahili kimetupa neno ambalo wataalamu wa nchi nyingine wamelitafuta wakaishia kuunganisha maneno mawili, "near miss". "Nusura nianguke." "Nusura boti ilale." Kila jioni barazani maneno hayo yanasemwa, watu wanacheka, kahawa inamiminwa, na kesho ubao ni ule ule. Ninyi yaandikeni. Tarehe, mahali, kazi iliyokuwa ikifanywa, nini kilitokea au nusura kitokee, aliumia wapi mwilini, alikaa siku ngapi bila kazi, nani alilipa. Majina ya walioumia yawekwe kwenye karatasi nyingine anayoishika mtu mmoja tu, na picha za majeruhi zisirushwe kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu akijiona uchi mtandaoni hatawaletea habari tena.

Baada ya miezi mitatu fungueni msome. Mtashangaa. Pengine mtakuta walioanguka ni wachache kuliko waliotobolewa na misumari ya mbao za zege zilizotupwa vichochoroni, wakiwemo watoto wa madrasa. Pengine mtakuta ajali nyingi ni za saa za alasiri katika Ramadhani, watu wana kiu na fundi anakimbizana na magharibi. Sijui mtakuta nini, na hapo ndipo faida ya daftari ilipo: hata mimi mtaalamu sijui mpaka mlete.

Wale wenzako wanaosema ni kazi ya serikali hawajakosea. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, imemwekea mwajiri wajibu wa kulinda watu wake, na wakaguzi wana uwezo wa kuingia mahali pa kazi na kusimamisha kazi yenye hatari. Lakini itazameni sheria hiyo kwa macho ya Lamu. Inataka kamati ya usalama, wafanyakazi na wasimamizi wakae meza moja, mahali penye watu 20 au zaidi. Bandari ile mpya inayapita hayo bila shida. Mjengo wa Shela wenye vibarua saba haufiki. Karakana ya mashua Matondoni yenye fundi, wanawe wawili na kijana wa kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, haifiki. Mwajiri wa watu saba bado ana wajibu ule ule wa kulinda, ila pale hakuna kamati ya kumkumbusha, na mkaguzi hatapanda boti kila wiki kuja kutazama boriti. Kazi zetu nyingi zimo katika pengo hilo. Kikundi cha jirani kinaweza kuwa kamati ya wasio na kamati: mtu mmoja kutoka kila mjengo, wakutane mara moja kwa mwezi baada ya isha, walete nusura zao. Hamna mamlaka ya kumfungia mtu kazi. Mna macho, na mnakaa hapa hapa.

Na msidhani mnaanzisha kitu kigeni. Waingereza wana jumuiya ya kuokoa watu baharini tangu 1824, inaendeshwa kwa michango, na mabaharia wake wengi ni watu wa kujitolea wanaoacha kazi zao simu ikilia. Marekani baraza lao la kuzuia ajali, lisilo la faida, liliundwa 1913, viwanda vilipokuwa vinakata watu vidole na mikono. Msalaba Mwekundu wa Kenya upo tangu 1965, na namba yao ya dharura, 1199, iandikwe kwenye kila mjengo. Wala hatuna haja ya kwenda mbali: wakfu ni nini? Mtu ametoa kisima, watu wanywe, yeye hataki faida ya dunia.

Mfano ninaoupenda zaidi mnaupita kila siku pale ukutani mwa bahari, hospitali ya punda. Punda wa Lamu ana matibabu ya bure tangu 1987, kwa kazi ya shirika lisilo la faida kutoka Uingereza. Huwa nawatania mahamali kwamba punda wao ana bima kuwashinda. Lakini tazama namna wale watu wanavyofanya. Punda analetwa ana kidonda mgongoni. Wanakiosha, wanakitibu, kisha wanamuuliza mwenye punda: matandiko yako yakoje, kamba inapita wapi, unapakia mifuko mingapi ya saruji? Kidonda kinasomwa kama barua. Na kesho wapo tena, na mwakani wapo. Semina ya siku mbili haiwezi hivyo. Nataka mumtazame hamali mwenyewe kwa jicho hilo: bega lake lina alama gani, kiuno kinamuuma tangu lini, na nani aliamua mfuko ubebwe na mtu mmoja.

Kugawa vifaa sikukatazi kila mahali. Kanuni yangu ni kwamba penye mwajiri, usimbebee mzigo wake. Mkimnunulia mkandarasi helmeti, mmempunguzia gharama ambayo ni yake, na mwakani atawauliza nyingine ziko wapi. Mwandikieni barua kwa adabu mumkumbushe wajibu, nakala ofisi ya leba. Lakini nendeni Manda Maweni, kule kwenye machimbo. Mama ameketi chini ya kivuli cha gunia, nyundo mkononi, anavunja kokoto kwa ndoo. Mwajiri wake nani? Hana, ni yeye na nyundo yake. Hapo kifaa kina maana, kikiwa ni kile kinachofaa. Mawe ya matumbawe ni jamaa ya chokaa, kwa hiyo vumbi lake, ingawa linakera kifua, halina makali ya vumbi la mawe magumu ya bara. Adui pale ni kibanzi cha jicho. Watu wakipeleka miwani ya plastiki, inafuka kwa jasho ndani ya robo saa, inakwaruzika, inavuliwa. Miwani ya wavu wa chuma haifuki na hewa inapita. Mkipata mfadhili, mwombeni hiyo, na mpeleke mbili kwanza, kina mama wazijaribu wiki nzima wawaambie.

Bahari sasa. Nisipoisema nitakuwa sijaandika kuhusu Lamu. Hapa maji ni barabara: mwalimu anakwenda kazini kwa boti, mjamzito anavushwa usiku, na maharusi wanapakiwa na magodoro. Umoja wa Mataifa umeitenga Julai 25 kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo vya maji, na nadhani hakuna mwezi ungetufaa zaidi, kusi likiwa limekaza namna hiyo.

Siku moja nilipanda boti Mokowe. Laifujaketi zilikuwepo, kumi na mbili nikazihesabu, zimo ndani ya mfuko wa nailoni chini ya benchi ya mbele, mfuko umefungwa kwa kamba na kamba imefungwa kwenye mbavu ya boti. Nikamwomba nahodha anifungulie moja. Akacheka, akamwita kijana. Kijana akahangaika na lile fundo mpaka akaomba kisu. Nilikuwa nikitazama saa: dakika nne na nusu, boti imetulia, jua linawaka. Nahodha hakuwa mtu mbaya. Alisema akiziacha wazi zinaibwa, na abiria hawazitaki. Nikamuuliza bibi mmoja kwa nini hazitaki. Akainusa ile iliyotoka mfukoni, akanipa nami niinuse: petroli na samaki. "Hii nivae juu ya buibui langu la kwendea harusini?" Na kwa watoto wachanga hapakuwa na hata moja ya saizi yao.

Mfadhili angeleta jaketi kumi na mbili nyingine. Kikundi cha mtaa kingemsikia yule bibi. Mfuko wa kitambaa wa kuvalisha jaketi, unaofuliwa, kina mama wenu wanaweza kuushona. Jaketi zitundikwe chini ya paa la boti, abiria akinyoosha mkono azifikie. Mbili tatu ziwe za watoto. Hesabu ya abiria isomwe kwa sauti kabla ya kung'oa. Kwa hayo msiende peke yenu, nendeni na BMU. Hiyo ni jumuiya ya wavuvi na watumiaji wa pwani yenye kanuni zake tangu 2007, na nahodha atamsikiliza mzee wa BMU kabla ya kusikiliza kikundi kipya kutoka Langoni, hata mkiwa na haki. Wenye redio wakumbushwe chaneli 16, ile ya kuitia msaada baharini. Na wafundisheni wasichana kuogelea, mahali pa stara na mwalimu mwanamke. Tumeishi na bahari miaka yote hii na nusu ya watu wetu hatukuwahi kuwafunza.

Moto nitaupitia haraka, ingawa unaniogopesha kuliko yote. Waulizeni watu wa Faza habari za 2009, jinsi makuti yanavyopeana moto upepo ukivuma. Mjini kwetu gari la zimamoto halipiti kichochoro ambacho punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi. Kwa hiyo mkombozi wa dakika kumi za kwanza ni jirani. Chukueni karatasi, mchore mtaa wenu: kila kisima, kila tangi, kila birika la msikiti, na nani ana ufunguo. Kipaza sauti cha msikiti ndicho king'ora mlicho nacho. Kaeni na imamu mkubaliane tangazo litakuwaje, na nani apige. Halafu siku moja mjaribu kupeana ndoo kutoka birikani hadi nyumba ya mwisho, muone kama zinatosha. Hazitatosha. Bora mjue siku hiyo.

Mtauliza kama kikundi kidogo kitasikilizwa na wakubwa. Save Lamu ni muungano wa vikundi vya hapa hapa. Waliupinga mradi wa umeme wa makaa ya mawe, na Juni 26, 2019 mahakama ya mazingira ikaifuta leseni yake, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi nao, katika kesi ya bandari, mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Kesi hizo zilikuwa na wanasheria, kweli, lakini mwanasheria asiye na kumbukumbu za watu wa mahali anaingia mahakamani mikono mitupu. Daftari lenu siku moja linaweza kuwa karatasi ya namna hiyo.

Usajili usiwaumize kichwa. Sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, nanyi mko kumi na wanne. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii na katiba yenu fupi. Sheria ile kubwa ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, iacheni mpaka mtakapokuwa na ofisi na waajiriwa. Pesa nayo, angalieni inatoka wapi. Mkandarasi akijitolea kuwafadhili, mwambieni kwanza apigilie mbao zake. Na mkiona mikutano yenu inaanza kuzungumzia posho kuliko ajali, ivunjeni kamati mchague nyingine.

Ukimaliza kusoma, kabla hujamwita mwenyekiti, tuma kijana mmoja Shela leo hii, sio kesho. Ule ubao au ile boriti iliyomwangusha ndugu yako ipigwe picha, karibu na mbali, na ukuta uonekane. Wiki tatu ni nyingi. Ikishakatwa kuni za kupikia uji wa vibarua, utakuwa umebaki na maneno yako dhidi ya maneno yao.